Kupoza kompyuta kwa maji katika joto la Dar es Salaam: tathmini ya mzunguko mzima

Mzunguko wa maji wa kujiundia, yaani ule ambao mnunuzi huchagua pampu, rejeta, tangi, mipira ya kupitishia maji na fitingi kimoja kimoja badala ya kununua kipoza kilichokwisha kufungwa kiwandani, ni ununuzi mkubwa, na mtu anayeishi Pwani anayeuliza kama unafaa anastahili jibu la wazi. Unafaa kwa kompyuta inayofanya kazi nzito kwa saa nyingi mfululizo, hasa pale mzigo mkubwa unapokuwa kwenye kadi ya grafiki. Kwa kompyuta nyingine, faida yake hailingani na gharama. Ninaandika haya nikiwa ninautumia kwenye kompyuta ya kazi za uhuishaji na picha za pande tatu, ndani ya chumba cha Dar es Salaam ambacho mchana hufika nyuzi 30 za Selsiasi bila shida. Gharama yote, pamoja na usafiri na ushuru, ilikaribia bei ya kadi yenyewe ya grafiki kwenye soko la mtumba, kwa hiyo nimeona ni haki kueleza pesa hiyo ilileta matokeo wapi, na ni wapi ingeweza kubaki mfukoni.

Kompyuta inayohusika ina prosesa ya Ryzen 9 5950X yenye viini 16, ambayo AMD inairuhusu kuvuta hadi wati 142 kwenye soketi, pamoja na kadi ya grafiki ya RTX 3090 ya wati 350. Vikifanya kazi kwa pamoja, joto linalopaswa kuondolewa ni karibu wati 500. RTX 3090 ina tatizo lake la pekee ambalo wanunuzi wa kadi zilizotumika wanapaswa kulifahamu: gigabaiti zake 24 za kumbukumbu aina ya GDDR6X zimegawanywa pande mbili za ubao, nusu mbele na nusu nyuma, na zile za nyuma hazipati hewa ya feni moja kwa moja. Kumbukumbu za aina hiyo hujipunguzia kasi zinapofika nyuzi 110. Kwa kipoza chake cha asili cha hewa, kadi yangu ilikuwa ikifanya kazi na kumbukumbu zilizovuka nyuzi 100 huku feni zikizunguka kwa kelele inayosikika hadi chumba cha pili. Kilichonisukuma kwenye maji ni hali hiyo ya kadi. Prosesa pekee isingenishawishi.

Kabla ya kuzungumzia vifaa, ni lazima nieleze kitu ambacho maji hayawezi kukifanya. Mzunguko wa maji hauzalishi ubaridi. Unahamisha joto kutoka kwenye chuma kidogo chenye moto mkali kwenda kwenye eneo kubwa ambalo hewa inaweza kulibeba polepole na kimya. Maji hayawezi kushuka chini ya joto la chumba, na katika hali ya kawaida hukaa nyuzi 8 hadi 12 juu yake. Kwa sababu hiyo hofu ninayoisikia mara kwa mara, kwamba unyevu wa Dar es Salaam utafanya mipira itoe jasho na kudondosha maji juu ya ubao mama, haina msingi, kwa kuwa jasho hutokea tu juu ya kitu kilicho baridi kuliko hewa inayokizunguka. Vilevile mzunguko haupunguzi hata wati moja ya joto linaloingia chumbani. Wati 500 ni takriban BTU 1,700 kwa saa, na mwenye kiyoyozi cha BTU 9,000 anapaswa kujua kwamba karibu sehemu moja ya tano ya uwezo wake itatumika kuondoa joto la kompyuta peke yake, iwe inapozwa kwa hewa au kwa maji.

Sehemu inayostahili pesa nyingi kuliko zote ni rejeta. Nilichukua mbili za kipimo cha milimita 360, yaani kila moja ina nafasi ya feni tatu za milimita 120, aina ya Black Ice Nemesis GTS, zinazotengenezwa na Hardware Labs ya Ufilipino. Ni nyembamba, unene wake ukiwa chini kidogo ya milimita 30, na hilo liliniwezesha kuweka moja juu na nyingine mbele ya kasha bila kugongana na ubao mama wala kadi. Kanuni ya mkono inayotumiwa na wajenzi wengi ni kutenga eneo la feni moja ya milimita 120 kwa kila wati 100 za joto, na kwa hesabu hiyo rejeta moja na theluthi mbili ingetosha. Kanuni hiyo, hata hivyo, haijali kelele, na haijali kwamba mtu wa Pwani anaanzia nyuzi 30 na si nyuzi 20 kama mwenzake wa Ujerumani. Chumba kikiwa na joto, kila nyuzi ya tofauti kati ya maji na hewa ina thamani, na njia pekee ya kuipunguza bila kuzungusha feni kwa kasi ni kuongeza eneo la rejeta. Ushauri wangu ni kuanza na rejeta mbili hata kama kasha linalazimika kuwa kubwa zaidi. Rejeta ya mbele inavuta hewa ya nje kuingia ndani na ya juu inaitoa. Zote mbili zingevuta hewa ya nje maji yangepoa zaidi kidogo, lakini ubao mama na diski zingebaki katika hewa moto isiyo na njia ya kutokea.

Kila rejeta mpya inapaswa kuoshwa kabla ya kufungwa. Ndani hubaki mabaki ya dawa ya kulehemu na vipande vidogo vya chuma, navyo vikiingia kwenye mzunguko huenda moja kwa moja kujikusanya kwenye bloku, yaani kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa au kadi na kupitishiwa maji ndani yake, ambako mifereji ya maji ina upana wa chini ya nusu milimita. Nilijaza kila moja maji ya moto, nikaitikisa kwa nguvu, nikamwaga kwenye beseni jeupe ili nione kinachotoka, nikarudia mpaka maji yakatoka safi, kisha nikasuuza kwa maji yasiyo na madini.

Feni nilizotumia ni Noctua NF-A12x25, sita kwa jumla. Sifa yake iko kwenye ukaribu wa mapanga na fremu, nafasi ya nusu milimita tu, ambao husaidia kusukuma hewa kupitia mapezi ya rejeta bila kuirudisha nyuma. Ni ghali. Mtu mwenye bajeti ndogo atapata karibu kazi ileile kwa Arctic P12, ambazo huuzwa hata katika pakiti ya tano, na pesa inayobaki aipeleke kwenye rejeta.

Pampu ni D5, ambayo leo hutengenezwa na Xylem lakini huuzwa kwa majina ya kampuni nyingi zinazoifunika kwa matangi na makasha yao wenyewe. Ninaiheshimu kwa usahili wake: rota yake haina mhimili unaopenya kwenye sili, bali imekaa juu ya kigololi cha seramiki na inalainishwa na maji yaleyale inayoyasukuma. Kwa muundo huo hakuna sili ya kuchakaa, na mtengenezaji huikadiria saa 50,000 za kazi. Lakini ndiyo sababu pia haipaswi kamwe kuwashwa ikiwa kavu. Ikizungushwa kwa kasi yake yote huvuta wati zaidi ya 20, nazo huishia ndani ya maji kama joto. Hakuna haja ya kasi hiyo. Wengi huamini kwamba maji yakikimbia zaidi mashine itapoa zaidi, na wengine hubishana kama maji yaingie kwanza kwenye prosesa au kwenye kadi. Hesabu rahisi inamaliza ubishi wote: lita moja ya maji kwa dakika hubeba takriban wati 70 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mtiririko wa lita 3 kwa dakika hubeba wati 500 kwa kupanda nyuzi 2.4 tu kutoka mwanzo hadi mwisho wa mzunguko. Tofauti hiyo ni ndogo mno kustahili mipira kupindishwa na kupitishwa mbali ili tu kufuata mpangilio fulani. Nilipanga kila kitu kwa njia fupi kuliko zote, nikaweka pampu kwenye zaidi kidogo ya nusu ya kasi yake, mahali ambapo mtiririko unafika lita 3 na sauti yake haisikiki kasha likifungwa.

Kifaa kilichobadilisha kabisa matumizi ya kila siku ni kidhibiti cha Octo cha Aqua Computer ya Ujerumani, pamoja na kihisi cha joto la maji. Kabla ya hapo, kama ilivyo kwenye kompyuta nyingi, feni zilikuwa zikifuata joto la prosesa. Joto la prosesa huruka nyuzi 15 au 20 ndani ya sekunde moja mtu anapofungua tu kivinjari, kisha hushuka tena, na feni hupanda na kushuka nalo kwa namna inayochosha masikio. Maji hayana haraka hiyo. Ili lita moja ipande nyuzi moja tu, wati 500 zinahitaji zaidi ya sekunde 8 hata kama rejeta zisingetoa joto lolote. Na kwa kuwa rejeta zinalitoa muda wote, mzunguko huchukua dakika nyingi kufikia utulivu. Feni zikifuata joto la maji badala ya prosesa, hupanda taratibu kiasi kwamba sikio halitambui mabadiliko, na kwa kazi ndogo za ofisi hazipandi kabisa. Nimeziweka zikae chini ya mizunguko 600 kwa dakika maji yakiwa chini ya nyuzi 36, kisha zipande polepole hadi 1,200 yanapofika nyuzi 44.

Octo ina njia 8 za feni na nafasi 4 za vihisi vya joto, na inatunza mipangilio ndani yake yenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi, au Windows ikigoma kuwaka, feni na pampu zinaendelea na utaratibu uleule. Kwa wanaoishi na kukatika kwa umeme hili ni jambo la usalama. Programu yake, Aquasuite, ni ya Windows pekee na sura yake inatisha mwanzoni. Mtu atahitaji jioni nzima kuielewa, na maelezo yake yanadhani msomaji ni fundi tayari. Watumiaji wa Linux wanaweza kusoma vihisi kupitia dereva iliyomo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo huo, ingawa si kwa starehe ileile. Niliongeza pia kipimamtiririko cha high flow NEXT cha kampuni hiyohiyo. Kinapima mtiririko, joto, na uwezo wa maji kupitisha umeme, na kipimo hicho cha mwisho ndicho kilichonivutia, kwa sababu kikipanda ni dalili kwamba kuna kitu kinayeyuka ndani ya mzunguko muda mrefu kabla jicho halijaona rangi kubadilika. Nimekipangia kizime kompyuta ikiwa mtiririko utasimama.

Kwenye mipira sikufuata mtindo. Mabomba magumu ya plastiki, ya akriliki au PETG, yanapendeza sana kwenye picha, lakini PETG huanza kulainika karibu na nyuzi 80, yanadai kupindwa kwa moto, na kila ukarabati mdogo unakuwa kazi ya kuyang'oa yote. Mipira laini ya uwazi ya PVC nayo, baada ya muda, huachia kemikali zinazoilainisha ndani ya maji, na mabaki hayo hugeuka utando unaoziba bloku. Nilichagua mpira mweusi wa EPDM, ambao EKWB huuza kwa jina la ZMT. Hauna urembo wowote. Haupitishi mwanga, kwa hiyo mwani haupati nafasi, na unaweza kuusogeza pembeni kuchomoa kadi bila kumwaga mzunguko wote.

Fitingi karibu zote za ulimwengu huu ni za kipimo cha G1/4, ambacho ni cha familia moja na vipimo vya mabomba ambavyo mafundi wetu huvitumia kila siku. Pamoja na hayo, ninamsihi msomaji asijaribiwe kutumia fitingi za duka la vifaa vya ujenzi: nyingi zimechongwa kwa mteremko ili zikaze zinapozungushwa, na kukaza kwa namna hiyo kunaweza kupasua akriliki ya tangi au bloku, ilhali fitingi za kompyuta hutegemea oringi, pete ndogo ya mpira, na hukazwa kwa vidole tu. Jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi ni aina ya chuma. Bloku ni za shaba, mara nyingi zikiwa zimepakwa nikeli, na rejeta nazo ni za shaba. Alumini ikichanganywa na shaba ndani ya maji mamoja huliwa polepole, na uchafu wake husambaa kila mahali. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniletea fitingi alizozitangaza kuwa za shaba nyeupe, yaani brasi, ambayo kwa kweli ina umanjano. Zilikuwa nyepesi mkononi kuliko inavyopaswa, na nilipokwaruza ndani, chini ya rangi palikuwa na weupe wa alumini. Shaba nyeupe ni nzito karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule, kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni inatosha kumwumbua muuzaji kabla fitingi haijagusa maji.

Maji yenyewe ndiyo kitu pekee nilichonunua mtaani. Maduka ya vipuri vya magari na vituo vingi vya mafuta huuza maji ya betri, ambayo ni maji yaliyoondolewa madini, nayo yanafaa kwa kazi hii. Chupa lazima isomwe kwa uangalifu, kwa kuwa tindikali ya betri mara nyingi hukaa rafu hiyohiyo. Maji ya bomba na ya chupa za kunywa hayafai kwa sababu ya madini yake. Hata yale safi hayapaswi kuachwa peke yake. Yanahitaji dawa ya kuzuia kutu na mwani. Nilitumia EK-CryoFuel isiyo na rangi katika hali yake ya kukolea, ambapo mililita 100 hutengeneza lita moja, na hivyo usafirishaji wake ni nafuu kuliko kuagiza lita nzima ya maji kutoka Ulaya. Sishauri kulanti ya gari, wala vimiminika vizito vya rangi za maziwa ambavyo chembe zake hutuama na kuziba bloku.

Katika kuunganisha, chombo ambacho singekubali kukikosa ni Dr. Drop, pampu ndogo ya mkono yenye kipimo cha shinikizo. Mzunguko hujazwa hewa hadi karibu nusu ya bari kabla ya tone lolote la maji kuingia; mshale ukikaa palepale kwa nusu saa, hakuna panapovuja. Ukishuka, unatafuta fitingi yenye kasoro bila hatari yoyote kwa vifaa. Baada ya hapo maji hujazwa huku pawa saplai ikilisha pampu peke yake, na kasha huinamishwa huku na huku mpaka mapovu yaishe.

Sasa matokeo. Chumba kikiwa nyuzi 30 na kadi ikichakata picha kwa mzigo wote, maji hutulia kwenye nyuzi 41 au 42, kiini cha kadi hukaa katikati ya nyuzi 50 na kitu, na kumbukumbu hubaki chini ya 90. Kwa hewa, kiini kilikuwa kikikaribia 80. Kumbukumbu za nyuma ndizo zinazobaki moto zaidi, kwa sababu bloku inagusa upande wa mbele tu. Bamba la nyuma lenye pedi za joto limesaidia, na feni moja ndogo inayopuliza juu yake imesaidia zaidi ya nilivyotarajia. Ziko bloku za RTX 3090 zenye maji pande zote mbili, na mwenye kuanza leo azitazame kwanza hizo. Prosesa imenufaika kidogo: iko nyuzi chache chini ya ilivyokuwa na kipoza kikubwa cha hewa, kwa kuwa joto lake hukwama kwenye vipande vidogo vya silikoni kabla halijafika kwenye maji. Kwa hiyo mwenye prosesa kali na kadi ya kawaida anunue kipoza cha hewa cha Noctua NH-D15 au kipoza cha maji cha kiwandani, na ahesabu kwamba ameokoa pesa nyingi.

Kuna hatua moja isiyogharimu chochote ambayo ningemtaka kila mwenye kadi ya namna hii aianze kabla ya kuagiza hata oringi. Ni kushusha ukomo wa umeme wa kadi. RTX 3090 ikishushwa kutoka wati 350 hadi karibu 280, kwenye kazi zangu kasi hupungua kidogo sana, na wati 70 za joto zinaondoka chumbani kabisa, jambo ambalo rejeta hata kumi haziwezi kulifanya. Mimi hutumia vyote viwili: ukomo wa chini wakati wa mchana, na nguvu yote usiku ambapo chumba kimepoa.

Mnunuzi afikirie pia siku ya kubadilisha kadi. Pampu, rejeta, feni na kidhibiti vitahamia kwenye kompyuta inayofuata bila tatizo, lakini bloku ya kadi huchongwa kwa ajili ya ubao mmoja mahususi, na hata RTX 3090 za watengenezaji wawili tofauti zinaweza kuwa na mbao zisizofanana. Kabla ya kununua kadi iliyotumika, pata jina lake kamili kutoka kwenye kibandiko, ulinganishe na orodha ya mtengenezaji wa bloku, na utunze kipoza cha asili pamoja na skrubu zake zote, kwa sababu mnunuzi wa baadaye wa kadi hiyo atakitaka.